Maji Yanavuja Kando ya Bomba la Bwawa Langu: Je, Niinue Utoro kwa Magunia?

Msomaji wetu wa Laikipia, nchini Kenya, ameandika kwamba amenunua shamba lenye bwawa la udongo lililojengwa na mlowezi kabla ya uhuru. Tuta lake lina kimo cha mita 7. Bwawa likijaa, maji yana kina cha mita 6 penye tuta, upana wake hapo ni mita 120, na yanarudi nyuma bondeni kiasi cha mita 250. Utoro, yaani njia ya pembeni inayopitisha maji yanapozidi, una upana wa mita 12, na sakafu yake iko mita 1 chini ya kilele cha tuta. Chini ya tuta, kando ya bomba la chuma la kutolea maji ya kumwagilia, kuna maji yanayochuruzika. Ndoo ya lita 20 hujaa kwa sekunde 40. Jirani mwenye uzoefu wa kilimo amemshauri apange magunia ya mchanga utoroni hadi nusu mita ili abaki na maji zaidi ya kiangazi kwa ekari 10 za vitunguu, na apande mikaratusi juu ya tuta ili mizizi ishike udongo na kuzuia uvujaji. Kilomita moja na nusu chini ya bwawa, kando ya kijito, kuna nyumba kadhaa na shule ya msingi. Msomaji anataka kujua kama ushauri huo ni salama, na kama maji yale yanayovuja ni jambo la kumkosesha usingizi.

Ndugu msomaji, usiweke magunia na usipande mikaratusi. Kabla ya kufikiria kuongeza maji, yapunguze: shusha usawa wa bwawa kwa mita moja au zaidi chini ya sakafu ya utoro, uuache hapo mpaka mhandisi wa mabwawa aliyesajiliwa afike akague bomba na tuta. Kuhusu uvujaji wenyewe, kiasi ulichotaja si kikubwa kwa bwawa la aina hiyo, lakini mahali unapotokea hapanipendezi hata kidogo.

Kila tuta la udongo hupitisha maji. Udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri hupunguza mwendo wa maji, hauyazuii kabisa, na kuona unyevu au majani mabichi chini ya tuta wakati wa ukame si ajabu. Nusu lita kwa sekunde, ambayo ndiyo hesabu ya ndoo yako, ni takriban mita za ujazo 43 kwa siku, kiasi ambacho kingetosha kumwagilia ekari mbili. Ni hasara, lakini hasara ya maji peke yake haibomoi bwawa. Kinachobomoa bwawa ni maji yanayotoka yakiwa yamebeba udongo. Chembe za kwanza zikiondoka pale maji yanapotokea, njia hufupika. Njia ikifupika, maji huongeza kasi. Kasi ikiongezeka, chembe zaidi huondoka, na hivyo tundu hujichimba kurudi nyuma kuelekea kwenye maji ya bwawa, bila mtu aliyesimama juu ya tuta kuona lolote. Siku tundu linapofika upande wa pili, kutoka hapo hadi tuta kukatika zinaweza kupita saa chache tu. Takwimu za mabwawa makubwa ya udongo yaliyobomoka duniani hadi mwaka 1986 zinaonyesha kwamba karibu nusu yalikufa kwa namna hii, na karibu nusu nyingine kwa maji kupita juu ya tuta. Sababu nyingine zote, ikiwamo miteremko kuporomoka, zinagawana kilichobaki. Kwa bahati mbaya, ushauri wa jirani yako unagusa sababu zote mbili kuu kwa mara moja.

Bomba ndilo sehemu dhaifu ya mabwawa mengi ya zamani. Tuta la wakati ule lilijengwa kwa kukokota udongo kwa maksai au trekta na kuushindilia kwa magurudumu na kwato, lakini chini ya tumbo la bomba la mviringo hakuna gurudumu linalofika, kwa hiyo udongo wa pale ulibaki laini tangu siku ya kwanza. Zaidi ya hayo, katika mashamba mengi ya aina hii valvu iliwekwa upande wa chini, mwishoni mwa bomba, kwa sababu ndipo ilipokuwa rahisi kufikiwa na mfanyakazi. Maana yake ni kwamba unapofunga valvu, bomba zima lililolala ndani ya tuta hubaki limejaa maji yenye mgandamizo wa bwawa zima, na chuma kilichokaa ardhini zaidi ya miaka 60 kina kila sababu ya kuwa kimetoboka. Tundu dogo la kutu linatosha kurusha maji ndani ya tuta usiku na mchana. Angalia basi valvu yako iko upande gani. Kama iko chini, fanya jaribio hili ukiwapo mwenyewe: ifungue kabisa kwa muda wa saa moja, kisha upime tena yale maji yanayotoka kando ya bomba. Yakipungua waziwazi bomba linapofunguliwa, yaani mgandamizo unaposhuka ndani yake, una sababu nzuri ya kuamini kwamba maji yanatoka ndani ya bomba lenyewe. Yakibaki vilevile, huenda yanafuata ukuta wa nje wa bomba kutoka bwawani moja kwa moja. Hali zote mbili zinahitaji kutengenezwa, ila kwa namna tofauti.

Pima pia rangi. Chukua chupa ya kioo au ya plastiki isiyo na rangi, kinga maji pale yanapotoka, iweke mahali pa tulivu mpaka kesho yake, na uangalie kilichotua chini. Umeandika kwamba baada ya mvua kubwa maji hayo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hilo linaweza kuwa tope la juu tu lililosombwa na mvua kutoka kwenye mteremko wa tuta, na linaweza kuwa mwanzo wa tatizo lenyewe. Njia ya kutofautisha ni kuchimba kijifereji cha kuyaepusha maji ya mvua na kupima tena siku kavu. Chupa ikiwa safi kwa majuma kadhaa na ndoo ikijaa kwa muda uleule huku bwawa likiwa katika usawa uleule, una nafasi ya kupanga matengenezo bila haraka. Chupa ikionyesha mchanga au udongo uliotua siku isiyo na mvua, huna nafasi hiyo. Andika kila kipimo katika daftari moja: tarehe, usawa wa maji bwawani, sekunde za kujaza ndoo, rangi, na mvua ya siku iliyotangulia. Mhandisi atakayekuja atalithamini daftari hilo kuliko maelezo mengine yoyote utakayompa, kwa sababu uvujaji wa lita mbili usiobadilika kwa miaka kumi humtia wasiwasi mdogo kuliko wa nusu lita ulioongezeka maradufu tangu Machi.

Niseme hapa jambo ambalo watu wengi hulifanya kinyume. Mtu akiona maji yanatoka chini ya tuta, mkono wake wa kwanza ni kuziba: analeta mfinyanzi, anaushindilia pale, na kweli maji yanakoma kwa siku mbili. Yanakoma kuonekana tu. Mgandamizo unabaki ndani, maji yanatafuta mlango mwingine, na mara nyingi mlango wa pili ni mbaya kuliko ule wa kwanza. Upande wa chini haupaswi kuzibwa. Unapaswa kuruhusiwa kutoa maji huku ukizuiwa kutoa udongo. Kwa hiyo, ikitokea maji yakaanza kuchafuka, tandika juu ya mahali hapo mchanga safi wa chembe nene, kisha kokoto ndogo juu yake, kisha mawe makubwa ya kukandamiza, kila tabaka likiwa na unene usiopungua sentimita 30 na likienea pembeni zaidi ya eneo linalochuruzika. Mchanga unazuia chembe za udongo, kokoto zinazuia mchanga usiondoke, na maji yanapita yakiwa safi. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma magazeti ya juma, agiza lori moja la mchanga na lori moja la kokoto vimwagwe karibu na mguu wa tuta na viachwe hapo. Kuziba kunafanywa upande wa juu, ule wa bwawani, na kunafanywa maji yakiwa yameshushwa.

Sasa tuje kwenye utoro, ambapo ndipo nataka unielewe vizuri zaidi, kwa kuwa magunia yanaonekana kuwa jambo dogo na la bei nafuu. Uwezo wa utoro kupitisha maji haushuki sawasawa na kimo kinachopunguzwa. Maji yanayopita juu ya sakafu pana hutegemea upana wa sakafu hiyo na kina cha maji kilichopandishwa kwa kipeo cha moja na nusu, na namba ya kuzidishia inayotumiwa kwa kawaida ni 1.7. Kwa utoro wako wa mita 12, maji yakipanda mita 1 nzima mpaka yakalingana na kilele cha tuta, utapitisha kiasi cha mita za ujazo 20 kwa sekunde. Ukipanga magunia ya nusu mita, kina kinachobaki kati ya magunia na kilele ni nusu mita, na uwezo unashuka hadi mita za ujazo 7. Umepoteza nusu ya kimo lakini umepoteza theluthi mbili za uwezo.

Je, mafuriko yanaweza kufika kiasi hicho? Hukueleza ukubwa wa eneo linalokusanya maji kuja bwawani, lakini tuchukulie ni kilomita za mraba 3, ambao si ukubwa wa kutisha. Mvua ya milimita 50 kwa saa ikinyesha juu ya eneo zima, ardhi ikiwa tayari imelowa na kuachia asilimia 35 ya mvua hiyo itiririke, yatakuja bwawani takriban mita za ujazo 15 kwa sekunde. Utoro wako wa sasa ungeyapitisha, lakini kwa kina cha sentimita 80 hivi, hivyo zingebaki sentimita 20 tu kati ya maji na kilele, na usiku wa upepo mawimbi yangekuwa yanalamba juu ya tuta. Kwa maneno mengine, utoro wako tayari ni mwembamba kwa bwawa lako, hata kabla ya gunia la kwanza. Ukiwa na magunia, maji yasiyo na pa kupita yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo lisilo na zege juu yake haliwezi kuvumilia hilo kwa muda mrefu: maji huanza kuchimba mguu wa nyuma, yanapanda yakila mteremko, na yakifika kilele tuta linafunguka. Yapo mabishano kwamba magunia yatasombwa yenyewe mafuriko yakija. Huenda yakasombwa na huenda yakashikana na matawi na nyasi yakawa ukuta; bwawa lenye shule chini yake haliendeshwi kwa huenda.

Ile mita moja yenyewe uihakikishe. Umeitaja kana kwamba kilele cha tuta kimenyooka, na mara nyingi hakijanyooka. Matuta ya zamani huzama katikati, ambapo ndipo palipo na kimo kikubwa na udongo mwingi, na ng'ombe hufanya njia yao wanapovuka hadi wakaacha mbonyeo. Kipimo kinachohesabika ni kutoka sakafu ya utoro hadi sehemu ya chini kuliko zote juu ya tuta. Huhitaji mtaalamu kwa hilo: fundi wa ujenzi yeyote, kwa ule mpira mwembamba wa kuonyesha maji anaoutumia kusawazisha msingi wa nyumba, atakupimia tuta zima kwa asubuhi moja akiweka vigingi kila mita 5. Ukikuta mbonyeo wa sentimita 30, basi mita yako ni sentimita 70, na hesabu zote nilizofanya hapo juu zinakuwa mbaya zaidi.

Ukiwa hapo, tembea utoro wote mpaka unakoishia kwenye kijito. Kama kuna wavu wa waya uliowekwa kuzuia samaki wasitoroke, uondoe. Wavu wa aina hiyo hupitisha maji siku ambazo hauhitajiki, kisha siku ya mafuriko hushika majani, magogo na mifuko ya plastiki, ukawa sawa na magunia yale ambayo nimekukataza. Tuliona Aprili 2024 kule Mai Mahiu jinsi njia ya maji iliyoziba chini ya tuta la reli, tuta ambalo halikujengwa kuwa bwawa, ilivyolifanya likusanye maji ya mvua mpaka yakalivunja na kuua makumi ya watu usiku. Hakikisha vilevile kwamba mahali utoro unapomwaga maji pako mbali na mguu wa tuta, na kwamba sakafu yake imefunikwa na nyasi fupi zilizoshikamana, kwani korongo likianza kuchimbika mwishoni mwa utoro hupanda kidogo kidogo kila msimu.

Kuhusu mikaratusi sina mengi. Mizizi haizibi tuta, inalitoboa; mti ukifa mizizi huoza na kuacha mifereji mitupu, na mti mkubwa ukiangushwa na upepo hung'oa kipande cha kilele pamoja nao. Panda nyasi za kikuyu, zifyeke ziwe fupi ili uweze kuona nyufa, vichuguu na mashimo ya fuko, na uweke uzio kuzuia ng'ombe. Kama tayari kuna miti yenye shina nene, usiing'oe bwawa likiwa limejaa. Ikate usawa wa ardhi, na suala la visiki umwachie mhandisi. Nyufa zinastahili neno la ziada kwa watu wa Laikipia, kwa sababu sehemu kubwa ya uwanda wenu ina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Tuta lililojengwa kwa udongo huo, bwawa likishuka kwa ukame mrefu, linaweza kupasuka kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, kisha mvua kubwa ya kwanza ikalijaza kwa siku mbili kabla udongo haujapata muda wa kuvimba na kufunga nyufa. Ujazo wa kwanza baada ya ukame ndio wakati wa kulikagua tuta kila siku.

Kushusha maji nako kuna utaratibu wake. Ukishusha kwa haraka mno, mteremko wa upande wa bwawani, ambao bado umelowa na mzito, hupoteza maji yaliyokuwa yakiuegemeza na unaweza kuporomoka. Sentimita 30 kwa siku ni kasi ambayo singependa uizidi bila mhandisi kuwapo. Kwa kuwa silipendi bomba lako, na kulifungua kwa siku nyingi mfululizo kunaweza kuzidisha uharibifu, tumia bomba la plastiki la kipenyo cha milimita 160 lililopitishwa juu ya kilele cha tuta kwa njia ya mvuto: unalijaza maji lote, unaziba ncha zote mbili, unazamisha moja bwawani, unaifungua kwanza hiyo, kisha unafungua ile ya chini. Ncha ya chini ifike mbali, kwenye mkondo wa kijito kupita mguu wa tuta, ili maji yasichimbe mahali ambapo unajaribu kupaokoa. Bomba la aina hiyo linaweza kutoa lita 30 au zaidi kwa sekunde. Mita ya kwanza ya bwawa lako, ambalo likijaa lina eneo la hektari moja na nusu hivi, itachukua siku tano au kidogo zaidi. Wajulishe watu wa chini kabla hujaanza, kwa sababu kijito kitapanda bila mvua. Maji hayo si lazima yapotee: kama vitunguu vipo shambani, yapitishe kwanza kwao.

Bwawa lako ni dogo kwa macho, na ndiyo maana wengi wangekuambia lisikusumbue. Ukizidisha kina kwa upana kwa urefu wa maji na kugawa kwa 6, ambayo ni kanuni ya haraka tunayoitumia shambani, unapata mita za ujazo 30,000, yaani tani 30,000 za maji. Likikatika, fomula zinazotokana na mabwawa yaliyokwisha kubomoka zinakadiria mafuriko yenye kilele cha zaidi ya mita za ujazo 100 kwa sekunde, mara kadhaa ya mafuriko makubwa ya kijito chenyewe, katika bonde ambalo wakazi wake hawajawahi kuona maji yakifika milangoni. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel huko Solai, katika kaunti ya Nakuru, lilipasuka baada ya majuma ya mvua nyingi. Lilikuwa bwawa la binafsi la kumwagilia shamba, kama lako ingawa kubwa zaidi, na watu wasiopungua 47 walikufa, wakiwamo watoto wengi, katika vijiji vilivyokuwa chini yake.

Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa ya Kenya katika madaraja matatu kwa kina, ujazo na eneo la kukusanyia maji. Kwa ujazo, bwawa lako lingekuwa daraja A, la chini ya mita za ujazo 100,000. Lakini kwa kina cha mita 6 linaingia daraja B, ambalo lilianzia mita 5, na utoro wa daraja hilo ulitakiwa kupitisha mafuriko ambayo kwa wastani hutokea mara moja katika miaka 100, si 50. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016 anayesimamia mambo haya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Nenda ofisi yao ya bonde la Ewaso Ng'iro Kaskazini, uulize kama bwawa lina kibali na kama kibali hicho kimehamishiwa jina lako uliponunua shamba, na uombe orodha ya wataalamu walioidhinishwa kukagua mabwawa. Najua watu huogopa kwenda, wakidhani wataambiwa walivunje bwawa lao. Mmiliki anayefika mwenyewe na daftari la vipimo hupokewa tofauti na yule anayefuatwa, na hata kama isingekuwa hivyo, kubadilisha kimo cha utoro bila idhini ni kujitwika mzigo mzito. Mzigo wenyewe ni wa zamani kuliko Kenya: mwaka 1868, katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kwamba mwenye kiwanda aliyechimbiwa bwawa na wakandarasi alipaswa kumlipa jirani ambaye mgodi wake wa makaa ulifurika, ingawa yeye binafsi hakupatikana na uzembe. Mahakama zetu zimeirithi kanuni hiyo. Anayekusanya ardhini mwake kitu chenye kuleta madhara kikitoroka, hukijibia.

Mhandisi akija, mwombe mambo mawili kwanza: akague bomba, na akupe upana unaofaa wa utoro kwa eneo lako halisi la kukusanyia maji, si lile nililolikisia mimi. Kwa bomba, suluhisho la kawaida ni kuingiza bomba jipya la plastiki ngumu ndani ya lile la chuma na kujaza saruji ya majimaji katikati yao, pamoja na valvu mpya upande wa bwawani, au kulijaza saruji lile la zamani lote na kuendelea kumwagilia kwa bomba la kupita juu ya tuta. Kulifukua bomba kwa kulikata tuta ni hatua ya mwisho, kwa sababu udongo unaorudishwa katika mtaro mwembamba haushikani na ule wa zamani isipokuwa kwa ushindiliaji wa uangalifu mkubwa. Utoro utapanuliwa kwa kuchimba upande wa mlimani, na udongo mzuri utakaotoka huko ndio utakaosawazisha mibonyeo ya kilele.

Wakati unasubiri, zungumza na wale wa chini. Mpelekee chifu na mwalimu mkuu namba yako ya simu, uchukue zao, mkubaliane nani atapiga simu kwa nani, na kwamba usiku ishara iwe honi au filimbi na si ujumbe wa kuandikwa. Mchague pamoja sehemu za juu bondeni ambako watoto wa shule wangeelekea. Mweke mlinzi wako wa usiku kukagua mguu wa tuta kwa tochi katika kila usiku wa mvua kubwa, na umwambie waziwazi kwamba akiona maji machafu yanaongezeka, shimo kileleni, au maji ya bwawani yakizunguka mahali pamoja kana kwamba yananyonywa, apige simu chini kwanza, kisha akupigie wewe. Hatakiwi kungoja ruhusa.

Umebaki na swali la kweli lililokufanya utafute magunia, nalo ni maji ya vitunguu. Nusu mita juu ya hektari moja na nusu ni mita za ujazo 7,500, na kwa ekari 10 zinazotumia mita za ujazo 20 kila moja kwa siku, hizo ni siku 37 za kumwagilia. Sidharau mahesabu ya jirani yako. Lakini bwawa lililokaa zaidi ya miaka 60 limejaa matope, na nusu mita ya matope ikitolewa sakafuni inakupa maji yaleyale bila kupandisha usawa hata kwa sentimita moja. Bwawa likishushwa kwa ajili ya matengenezo, ndio wakati wa kuleta mashine. Anzeni kuchimba upande wa juu, maji yanakoingilia, ambako matope ni mengi, na msikaribie mguu wa ndani wa tuta kwa mita 20, kwa sababu tabaka la udongo mzito lililolala hapo mara nyingi ndilo linalopunguza uvujaji chini ya tuta. Matope mkayatawanye shambani. Yasitumiwe kuinua tuta, maana yakikauka hupasuka na yakilowa huteleza. Mkifika chini mkaona changarawe au mwamba uliovunjikavunjika, acheni kuchimba hapo na mrudishie udongo wa mfinyanzi siku hiyohiyo.